Coaster ya kwenda kwa Mkapa: maswali mnayoniuliza kila mechi

Mimi ndiye ninayeshika daftari la majina ya wanaochangia Coaster, basi dogo la kukodi la kutupeleka mpirani Uwanja wa Mkapa. Kila ikikaribia mechi kubwa simu yangu inajaa maswali yaleyale, mengine saa 7 usiku, mengine kutoka kwa watu waliouliza mwezi uliopita wakajibiwa wakasahau. Nimeyaweka hapa yote. Sisi tunatokea Tabata, lakini ukibadilisha majina ya vituo, mtu wa Mbezi, Tegeta au Gongo la Mboto naye atapata cha kuchukua.

Kwa nini tukodi gari wakati daladala za kupita Taifa, uwanja huohuo wa Mkapa, zipo tele?

Kwa kwenda, zipo. Watu wanatoka nyumbani kwa saa zao, mmoja saa 5 asubuhi, mwingine saa 9, na daladala zinawabeba bila shida. Kama hoja ni kwenda tu, nisingekusumbua na mchango.

Tatizo ni kurudi. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007, unachukua watu 60,000. Ukijaa, watu hao walioingia kwa muda wa saa tano wanatoka kwa nusu saa. Chukua robo yao tu, watu 15,000, wawe ndio wanaotaka daladala. Coaster ukiijaza mpaka mlangoni inabeba kama watu 30. Hapo zinahitajika Coaster 500 kwa mpigo, na barabara zote kuzunguka uwanja zimejaa magari binafsi, bodaboda na watu wanaotembea katikati ya lami wakiimba. Ndipo makonda wanapoanza kukatisha ruti. Gari limeandikwa Segerea, konda anaita "Buguruni, Buguruni mwisho", ukifika Buguruni unashuka unatafuta lingine, na nauli umelipa mara mbili. Bajaji nayo saa hiyo haina bei, ina mnada.

Kwa hiyo mnaponilipa, sehemu kubwa ya hela hiyo inanunua kiti cha saa 1 usiku. Cha mchana mngekipata popote.

Tunakodi gari la aina gani?

Coaster. Hiace ni nafuu lakini watu kumi na wachache tu, na wenye magoti marefu hulalamika kuanzia Tabata Relini, kituo chetu cha kukusanyikia. Basi kubwa ni zuri mkifika 50 na zaidi, ila kulitoa kwenye msongamano baada ya mechi ni kazi ya kulazana huko. Basi la shule huwa rahisi wikiendi kwa sababu limekaa tu, na wenye shule wengine wanalitoa. Tulilipanda mara moja. Viti vimepimwa kwa mtoto wa darasa la tatu. Mjomba mmoja wa Kimanga alisafiri amekaa upande kwenda na kurudi, na mpaka leo akiniona ananionyesha kiuno.

Daladala ya kawaida inaruhusiwa kutubeba?

Inaruhusiwa ikiwa na kibali. Leseni ya daladala imefungwa kwenye ruti yake, ndiyo maana ya ule mchirizi wa rangi ubavuni na maandishi ya mbele. Gari la Tabata–Kivukoni likionekana Temeke limejaa watu wenye jezi, askari ana haki ya kuuliza linafanya nini huko. Kibali cha kukodiwa kinatolewa na LATRA, mamlaka iliyorithi kazi za SUMATRA za usafiri wa ardhini mwaka 2019. Kukiomba ni kazi ya mwenye gari. Kazi yangu ni kukiona kwa macho kabla sijatoa hela.

Nasisitiza kukiona, kwa sababu jibu la "kibali kipo, boss, usijali" nimeshalisikia sana. Trafiki akikusimamisha, faini anaandikiwa dereva, lakini muda unaopotea ni wenu. Mkae pembeni ya Mandela Road robo saa, nusu saa, huku redioni mnasikia vikosi vinatajwa.

Nikiwa na dereva naangalia pia bima, matairi na idadi ya viti. Viti nahesabu mwenyewe kwa kidole. Nikiambiwa ni 29, viwili huwa ni mbao zilizowekwa njiani.

Bei inapangwaje?

Mwenye gari, yule madereva wanaemwita tajiri, ana hesabu anayotaka kila siku. Siku ya mechi dereva anapiga mahesabu: hesabu ya tajiri, mafuta, posho yake na ya konda, na tripu ambazo angepiga kama asingekuwa na nyie. Akishajumlisha anakutajia bei, wewe unashusha, mnakutana katikati. Kwenye mechi ya watani, Simba na Yanga, hashuki sana, kwa sababu nyuma yako kuna makundi mengine matatu yanayompigia.

Sisi tunagawa hivi. Tuseme gari ni shilingi 200,000 na viti ni 27. Nagawa kwa 25, si kwa 27, inakuja 8,000 kila mtu. Viti viwili vinavyobaki ni akiba: mtu mmoja lazima asitokee, na lazima kuwe na tozo au maji ya kununua. Visipotumika, chenji inaingia kwenye mechi ijayo, na daftari liko wazi kwa anayetaka kukagua.

Mwisho wa kulipa ni lini?

Siku tatu kabla. Tuma kwa mtandao wowote, pamoja na ya kutolea. Narudia: pamoja na ya kutolea. Watu 25 wakisahau ya kutolea, anayelipia ni mimi.

Ukiniambia "niandike, nitalipa tukifika garini", nakuandika kwenye ukurasa wa nyuma. Anayelipa anahamia wa mbele. Hakuna undugu hapo, mdogo wangu mwenyewe ameshabaki Relini akitupungia mkono.

Nimelipa halafu nimepata dharura. Narudishiwa?

Ukipata mtu wa kukaa badala yako, malizana naye mwenyewe, nitumie jina lake tu. Usipopata, hapana. Ukifiwa, hiyo ni habari nyingine. Tunarudisha, na kundi linakuja msibani.

Je, mechi ikiahirishwa?

Hili lilikuwa swali la mzaha mpaka lilipotutokea.

Tarehe 8 Mei 2021 Simba na Yanga zilikuwa zicheze saa 11 jioni. Siku yenyewe muda ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja uwanjani kwa ratiba ya saa 11, wakapasha, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa 1. Mechi haikuchezwa. Ilichezwa Julai 3. Kisha tarehe 8 Machi 2025 ikajirudia kwa sura nyingine: Simba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakasema hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaahirisha siku hiyohiyo ya mechi. Watu walishatoka mikoani, wamelala kwenye mabasi, wamefika Dar na jezi mpya. Ilikuja kuchezwa Juni 25.

Tangu hapo makubaliano yetu na mwenye gari yana sehemu mbili, na tunayaandika kwenye karatasi hata kama ni ya daftari. Nusu inalipwa kabla, ni ya kushikilia gari. Nusu ya pili inalipwa tukishapanda. Mechi ikiahirishwa kabla hatujaondoka, nusu ya kwanza inasubiri tarehe mpya. Ikiahirishwa tumeshafika, gari limefanya kazi yake, dereva analipwa yote. Haipendezi, lakini mafuta hayajui kama mpira umechezwa.

Hela ya tiketi haimo kwenye mchango wa gari. Mechi ikifa, utaratibu wa tiketi unatangazwa na wenye mechi, msinipigie mimi.

Mbona tunaondoka mapema hivyo?

Mechi ya kawaida ya saa 11 tunaondoka saa 8 mchana. Ya watani, au ya CAF, mashindano ya Afrika, yenye uzito, saa 6. Simba Day na Wiki ya Mwananchi ni asubuhi kabisa, kwa sababu zile ni sherehe za kutwa na uwanja hujaa kabla ya jua la mchana.

Najua saa 6 kuna jua la kuchoma na mnakaa uwanjani muda wa saa tano. Lakini kumbukeni Mei 28, 2023, mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger. Palitokea msukumano getini. Mtu mmoja alikufa na 30 wakaumia. Alikwenda kuangalia mpira. Watu wanapofika wengi kwa wakati mmoja, geti ni lilelile na wa nyuma haoni kinachotokea mbele, anasukuma tu. Mtu wangu akichelewa gari nitasikitika, lakini sitachelewesha watu 25 ili sote tukaingie kwenye ile saa ya kusukumana. Dakika kumi baada ya muda, gari linaondoka.

Tunapita wapi?

Tunakusanyika Tabata Relini. Wa Segerea, Kimanga na Kinyerezi mje Relini wenyewe. Tulipokuwa tukiwapitia mmoja mmoja tulitumia saa nzima kabla ya kuiona Mandela Road. Kutoka Relini ni Buguruni, TAZARA, Vetenari, uwanjani. Kwenye ramani ni karibu kiasi cha kuona aibu kukodi gari.

Shida ya njia hii ni malori ya bandarini na taa za TAZARA. Daraja la Mfugale limesaidia tangu 2018, ila limemsaidia zaidi anayetumia Nyerere Road, yule wa Gongo la Mboto na uwanja wa ndege anayeruka juu. Sisi wa Mandela tunapita chini yake, tunaangalia matumbo ya magari ya wenzetu na kusubiri taa. Kukiwa kubaya sana dereva akitaka kujaribu njia za ndani, mwachieni. Ninyi mliokaa nyuma na ramani za simu, mpunguze ushauri. Dereva mmoja anatosha.

Wenzetu wa Kigamboni wana raha siku hiyo: wakivuka Daraja la Nyerere wanatokea Kurasini, na uwanja uko jirani. Wakumbuke tozo ya daraja kwenye mchango wao. Pantoni sishauri kwa gari la kukodi siku ya mechi.

Gari linatusubiri wapi?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote na ndilo msiloniuliza.

Hatuegeshi karibu na geti. Gari lililoegeshwa getini ndilo linalotoka la mwisho. Tunamwambia dereva akae upande ambao tutarudia, pua ikiangalia njia ya Vetenari, hata kama ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Tukishuka kila mtu anapiga picha ya namba ya gari na ya kitu kilicho karibu: duka, nguzo, mti. Namba ya dereva na ya konda natuma kwenye grupu kabla hatujashuka, maana ndani ya uwanja uliojaa mtandao unakuwa wa kubahatisha. Mkubaliane kabisa: filimbi ya mwisho, kisha dakika 40, gari linaondoka.

Na hatumruhusu dereva kwenda "kupiga tripu moja tu" wakati wa mechi. Tulikuwa na mmoja, deiwaka, yaani dereva wa kushikia siku moja, mwenye gari mwenyewe hakuwepo. Akaona saa mbili za kukaa bure ni hasara. Akaenda kubeba abiria wa Mbagala, akanasa kwenye foleni ya Kilwa Road. Tulimsubiri mpaka saa 4 usiku, wamama wawili na mtoto aliyelala begani wakiwa nasi, na kila tulipompigia alikuwa "hapo Mtoni, nageuza". Ndiyo maana siku hizi nusu ya pili ya hela inakatwa tena vipande viwili, kimoja kinatoka tukirudi Relini. Madereva wa kweli hawalalamiki. Anayelalamika amenijibu swali langu.

Tiketi mnakata nyie?

Hapana. Kila mtu akate yake kupitia N-Card, kadi ya kielektroniki ya kulipia, mapema, kwa simu yake. Njoo na kadi mkononi, maana getini wanasoma kadi. Nilishawahi kukata za watu kumi na mbili kwa wema, kila mmoja akataka kukaa na mwenzake, mmoja akataka VIP B kwa hela ya mzunguko, viti vya bei ya chini. Nimeacha.

Wanaokuuzia tiketi pembeni ya barabara siku ya mechi usiwape hela yako.

Nibebe nini, niache nini?

Beba kofia, kadi, hela ndogondogo, na simu iliyojaa chaji. Chupa za maji zinazuiwa getini, kwa hiyo kunywa ya kutosha garini. Chakula tunakula tukiwa njiani: mihogo, mayai, karanga. Taka zinaingia kwenye mfuko ulioko nyuma ya kiti cha konda. Gari hili kesho asubuhi linabeba watu kazini.

Begi kubwa liache nyumbani. Vitu vikibaki garini dereva anafunga, lakini asiulizwe juu ya laptopu. Kwani laptopu inakwenda mpirani kufanya nini?

Naweza kuja na mtoto? Na sisi akina mama je?

Mje. Karibu theluthi ya gari letu siku hizi ni wanawake, na safari imekuwa na adabu zaidi tangu walipoongezeka. Viti vya mbele ni vya wazee, wajawazito na wenye watoto. Mtoto anayekaa kiti analipa kiti, wa kupakata halipi. Kwa mechi ya watani sikushauri umlete mdogo sana, si kwa sababu ya gari, ni kwa sababu ya geti. Mlete mechi ya ligi ya kawaida, aone uwanja umepumua.

Pombe?

Siyo garini. Ukija umeshakunywa ukatulia, hatukunusi. Ukianza fujo, konda anakushusha na hakuna mjadala.

Vilevile hakuna kukaa dirishani na kupunga bendera kiwiliwili kikiwa nje. Najua inapendeza kwenye video. Pikipiki za Mandela Road hazijui kama wewe ni shabiki.

Na swala?

Mechi za saa 11, Alasiri inatukuta tumeshafika, kuna nafasi ya kuswali kabla ya kuingia. Magharibi inaingia kuelekea mwisho wa mechi au punde baada yake. Zile dakika 40 zimewekwa kwa hilo pia. Mwezi wa Ramadhani tunabeba tende na maji garini kwa wote, waliofunga na wasiofunga.

Simba na Yanga mnapanda gari moja?

Ndiyo, na watu wa nje hawaamini. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimeanzia Kariakoo moja, na ndani ya nyumba za Tabata baba ni huku, mama ni kule. Ukisema uwatenganishe kwenye magari utavunja ndoa. Kwenda tunakaa tulivyo, utani unaruhusiwa mpaka unakauka koo. Getini kila mtu anaenda upande wake. Matusi ya mzazi wa mtu, kabila au dini hayaruhusiwi hata kama umefungwa tano.

Mnakwenda viwanja vingine?

Tunakwenda watu wakitimia. Azam Complex ya Chamazi ni nzuri kuangalia mpira, unaona mpaka jasho la mchezaji, ila barabara ya kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Mbande ukiikuta imejaa utazeeka. Huko ongezeni saa moja, na bei ya gari inapanda. KMC pale Mwenge ni rahisi hata bila sisi. Mbweni kwa Meja Jenerali Isamuhyo ni mbali kwa mtu wa Tabata, na kurudi usiku bila gari lenu ni shughuli.

Ndugu zangu wanatoka Morogoro na Dodoma, waunganishwe?

Tangu treni ya SGR ianze 2024 tunawapata wengi. Waje jana yake au asubuhi, wafike Relini kwa muda wa kundi. Hatuwafuati stesheni. Wa Unguja vilevile: waangalie ratiba ya boti ya kurudi kabla ya kukata tiketi, na wajipange kulala Dar.

Mvua ikinyesha?

Tunakwenda. Masika ikikolea, ulizeni hali ya njia zenu za kuja Relini kabla hamjatoka, hasa mnaovuka bonde la Msimbazi. Mzunguko hauna paa la kutegemea kila kiti, kwa hiyo koti la mvua, siyo mwavuli. Aliye nyuma yako naye amelipa.

Timu yangu ikifungwa, lazima nirudi nao hao?

Kiti chako kimelipwa. Unaweza kutembea mpaka Buguruni ukitaka, ni usiku na malori yapo. Wengi waliosema watatembea tumewakuta Vetenari wamekaa ukingoni mwa barabara, konda akawafungulia mlango, wakapanda kimya, na gari zima likawaacha wakae bila kusemeshwa mpaka taa za TAZARA.

Baada ya TAZARA tunaanza.